Mabao ya Kofi

Columbia, Maryland
9 Novemba 1997

Baba yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Natumai wewe na Mama hamjambo, na mvua hizo tunazozisikia redioni hazijawaingilia ndani. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuniuma masikio.

Kazi yangu ya kuweka takwimu katika klabu ya mpira wa magongo wa barafuni, kule Landover, naipenda, lakini wiki hii imenikosesha raha. Meneja anataka ripoti juu ya Kofi, nyota wetu: wakimtoa kwa klabu nyingine, watapewa mchezaji gani badala yake? Nimeingiza kwenye kompyuta washambuliaji mia mbili na kumi. Karibu wote, wakishapita miaka thelathini, mabao hushuka, hata wale wenye majina makubwa. Kofi akiwa na miaka ishirini na saba alifunga arubaini na saba. Sasa ana thelathini na minne, na msimu uliopita kafunga kumi na sita tu. Hakuna atakayemtoa mchezaji wa maana ili ampate yeye.

Mwenyewe haelewi. Amebadilisha magongo mara nne, na jana kawafokea wenzake, "Hamnipi pasi!" Mtu huyu hunisalimia kwa jina kila asubuhi. Nimwoneshe hesabu hizi, au ninyamaze?

Mwanao, Nuha

Mombasa
2 Desemba 1997

Mwanangu Nuha,

Wa aleikum salaam. Sisi tu wazima. Maji yaliingia jikoni, tukayatoa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unajua nilikuwa mshambuliaji wa kandanda, lakini hujui nilivyomaliza. Nilipofika miaka thelathini na mmoja mabao yalinikauka. Nikamlaumu Method, winga wangu na rafiki yangu. Nikasema mbele ya watu kwamba ananinyima pasi kwa kijicho. Tangu mwaka wa sabini na nne hatusalimiani, na nyumba yake iko mtaa wa pili.

Mwoneshe Kofi. Mimi hakuna aliyenionesha.

Babako

Columbia
11 Februari 1998

Baba yangu,

Assalam aleikum, na Idi njema ingawa imeshapita. Nilifuturu na akina Ummu, watu wa Zanzibar, nikala mpaka nikaona haya.

Ripoti nilimpa meneja kama ilivyo. Kisha nikamwomba ruhusa, nikamwonesha na Kofi. Aliitazama karatasi, kidole chake kikishuka na mstari wa mabao yake.

"Kwa hivyo si wao," akasema.

"Si wao. Wala si uvivu wako. Ni miaka."

Nilidhani atakasirika. Akaketi, akapumua kama mtu aliyetua gunia. Aliniambia kwamba kwa miezi aliamini ana ugonjwa ambao madaktari wanamficha. Siku hiyohiyo akawaomba radhi wenzake, kisha akamwendea meneja mwenyewe: apelekwe klabu ya mji anaokaa mkewe na binti zake, kabla hajafika mahali asipotakiwa na yeyote. Klabu yetu imepewa beki mmoja wa akiba badala yake. Meneja alinung'unika, Kofi alicheka. Ameshahama, Baba, na kule anacheza dakika chache kwa raha zake.

Nami sasa napata usingizi.

Mwanao, Nuha

Mombasa
8 Machi 1998

Mwanangu,

Salaam nyingi. Mama hajambo, mguu wake umepona.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nilivaa kanzu safi nikaenda kwa Method. Alifungua mlango, akabaki ameshika kitasa. Nikamwambia, "Hukuninyima pasi."

Akasema, "Nilikuwa nakupa. Wewe ndiye uliyekuwa huzifikii!"

Tulicheka hata mkewe, Bilha, akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia Method mbele yake kuwa nilimkosea. Akanivuta ndani kwa mkono. Amezeeka, Nuha, hana hata jino la mbele, na nadhani naye aliniona hivyohivyo.

Jana alinipitia twende uwanjani kutazama mechi. Tuliwapigia kelele washambuliaji wote wa pande zote mbili. Leo sina sauti, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia simu.

Babako