Chipu Isiyojua Afadhali

Baba Neema, mume wangu,

Betri za magari zimejaa hadi mlangoni. Tangu soko huria lituletee televisheni za mitumba, Shelui nzima inataka kutazama taarifa ya habari kwa betri, na umeme wa kuchajia ni jenereta yako tu.

Nakumbuka zile chipu mbili za kompyuta ulizotoka nazo Dar, ndogo kama punje za maharage. Ulitaka chipu iwashe taa nyekundu betri ikiisha. Ya kwanza uliiunguza, maana uliipelekea volti kumi na mbili nzima nzima wakati yenyewe inavumilia tano tu. Ya pili ukaifungia rizista mbili za kupunguza umeme. Mungu wangu, taa ikashinda inapepesa!

"Betri iko katikati," ulisema. "Chipu hii inajua ndiyo na hapana. Haijui afadhali."

Tulicheka hadi machozi. Ukaongeza kifaa cha kulinganisha volti, chenye skrubu ndogo, ukaizungusha taratibu. "Hapa ndipo itakubali kwamba imechoka."

Wewe mwenyewe hukukubali. Ulipougua, kila aliyekuuliza hali ulimjibu, "Afadhali kidogo." Hata daktari! Nikakugombeza, "We mwanaume, sema unaumwa ama huumwi!" Ukanijibu, "Kwani mimi chipu?" Wiki ileile ukaniacha.

Sasa neno hilo nimelirithi mimi. Naamka mgongo unauma, navuta kamba ya jenereta, nabeba betri, nainama kuunga waya. Mama Neema, za kazi? Afadhali. Kaka yako huja kila siku ya gulio kuniuliza kama nitaiweza karakana uliyoniachia. Afadhali, shemeji. Anaridhika, anakwenda zake.

Leo asubuhi kaniuliza tena. Nikaitazama taa yako. Ilikuwa nyekundu tuli, haipepesi.

"Shemeji, siwezi," nikamwambia. "Nimechoka. Peke yangu siwezi."

Nikalia mbele ya wateja, aibu yote hiyo. Shemeji akavua koti, akainua betri iliyokuwa miguuni pangu, akauliza, "Hii inakwenda wapi?"

Bado yuko nje, anasomba. Mimi nimeketi mchana kweupe, mara ya kwanza tangu tukuzike, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Lala, mume wangu. Huko wakikuuliza hali yangu, usiwajibu kama ulivyozoea.

Mkeo,
Mama Neema