Kamba ya Mkono wa Kushoto

Waipahu, Oahu
4 Februari 2018

Mdogo wangu Puring,

Salamu zangu zikufikie wewe, Erlinda na wote walioko nyumbani. Natumaini magoti yamepungua maumivu na kile kikohozi kimekwisha. Mimi ni mgonjwa, nisikufiche. Moyo umechoka. Daktari ameniambia waziwazi kwamba nisipange mambo ya Krismasi.

Nimehamia nyumba ya wazee. Chakula chao hakina chumvi, na bagoong, samaki wetu wa kuchachushwa, wanaizuia kama bangi. Lakini kinachonisumbua si chakula. Siwezi kutulia. Nashika kigari changu cha kutembelea, naenda dirishani, narudi kitandani, naenda tena. Muuguzi wangu Delia, ambaye wazazi wake walitoka Batac, jirani na kwetu, ananisema: "Mwalimu, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Hebu keti!" Naketi. Baada ya dakika tano nimeshasimama.

Nina swali moja. Unakumbuka nilivyokuwa nikisokota kamba za yoyo, yale magurudumu yetu ya kurusha yakarudi mkononi, kwenye mtambo wa kufumia wa marehemu Nana Oria aliyetulea? Niambie unachokumbuka, chote. Nijibu upesi, tafadhali.

Manong wako,
Melecio


Paoay, Ilocos Norte
25 Februari 2018

Manong,

Kaka yangu, nimepokea barua yako, na habari ya moyo wako imenitoa machozi. Hapa hatujambo. Magoti ni yaleyale. Erlinda anakusalimu; bado anashona nguo za watu na macho yake yanazidi kufifia.

Sasa wewe, mtu anaambiwa na daktari maneno kama hayo, halafu anakaa chini kuniuliza habari za yoyo? Erlinda kasema, "Mama, mjibu tu, wazee wana mambo yao." Nikamwambia mimi mwenyewe ni mzee, sina mambo ya namna hiyo.

Haya. Ulikuwa unaokota mabaki ya pamba chini ya mtambo, unafunga upande mmoja kwenye msumari wa nguzo, upande wa pili kwenye kijiko kilichopindwa, unasokota mpaka uzi wenyewe unaanza kujikunja kwa hasira. Mimi nashika katikati. Tunaukunja mara mbili, unaachia, na zile nusu mbili zinajisokota zenyewe. Pale katikati ndipo kinapobaki kitanzi cha kuvalishwa gurudumu. Nana anapiga kelele, "Nyie! Mtamaliza uzi wa blanketi la watu!"

Yangu uliisokota kinyume na yako, kwa kuwa natumia kushoto, na mwisho wake ukafunga kipande cha uzi mwekundu tusije tukazichanganya. Hayo tulijua wawili tu.

Na nakumbuka tarumbeta, bila shaka. Nitasahau vipi? Mwaka jana tu, sokoni, Insiang muuza vitunguu saumu aliniuliza mbele ya watu, "Puring, lile tarumbeta limepona?" Kibogoyo yule, na bado ana maneno.

Umeridhika? Kunywa dawa zako.

Ading wako,
Puring


Waipahu, Oahu
12 Machi 2018

Puring mdogo wangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda kabisa. Natumaini hii itakukuta mzima, na uisome ukiwa umeketi, Erlinda akiwa karibu.

Umekumbuka vyema kuliko nilivyotaka. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba umesahau uzi mwekundu.

Mwaka 1953, siku ya sikukuu ya mji, tulibaki wawili uwanjani katika mashindano ya yoyo. Mimi na miaka kumi na sita, wewe kumi na mitatu. Yule bwana wa kampuni ya yoyo alikuja kuchagua kijana mmoja wa kwenda kuonyesha michezo Manila, kisha Honolulu. Asubuhi ile nilimsikia akimwambia Nana, "Huyu msichana wa kushoto, watu watajaa kumwangalia. Kijana ni mzuri, lakini wa namna yake ninao kumi." Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kijiko mkononi, nasokota kamba zetu za mashindano.

Kila mzunguko wa yoyo huisokota kamba kidogo. Mkono wa kulia huipeleka upande mmoja, wa kushoto upande mwingine. Ukimpa mtu wa kushoto kamba ya mtu wa kulia, kila mzunguko unaifumua. Kitanzi cha chini kinalegea, kinalegea, mpaka gurudumu linatoka. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja katika kisiwa hiki, na sikuthubutu hata mara moja kutumia mfano huo darasani.

Nilisokota kamba mbili, zote za kulia. Moja nikaifunga uzi mwekundu. Nikakupa. Ukasema, "Asante, Manong," ukaivaa kidoleni bila kuitazama.

Mimi nilizungusha mara thelathini na moja. Wewe nilikuhesabia kimoyomoyo. Ya kumi na tano kamba ilianza kulegea, niliiona. Ningeweza kupiga kelele. Ya kumi na tisa gurudumu likaruka, likaingia ndani ya tarumbeta kubwa la bendi, na Ciano akalipuliza bila kujua, likatoa sauti ile. Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, Puring. Hilo ndilo linaloniamsha kitini.

Sikukosea. Sikuchanganya. Nilifanya nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu nilitaka kuondoka na nafasi ilikuwa moja. Kampuni ilinitumia miezi kumi na mmoja, ikaniacha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa Hawaii, na kila zawadi ya Krismasi niliyowahi kukutumia ilitoka huko.

Nakuomba msamaha. Sina muda mrefu wa kuungoja, lakini nitaungoja.

Manong wako,
Melecio


Waipahu, Oahu
2 Mei 2018

Puring,

Hujambo? Sijapata jibu. Labda barua imepotea. Labda haikupotea. Kila siku saa nne Delia anapita na barua za watu, na mimi nipo mlangoni kabla hajafika. Leo amesema, "Mwalimu, nikikuletea tangazo la sabuni utanibusu?"

Miguu imeanza kuvimba. Niandikie hata matusi.

Melecio


Paoay, Ilocos Norte
9 Juni 2018

Manong,

Mimi ni mzima. Barua haikupotea.

Nimeanza kukuandikia mara nyingi, nikachana. Na kabla hujasema, nitalisema mimi: ndiyo, Ciano alikuja kesho yake kunirudishia gurudumu alilolitoa kwenye tarumbeta, na miaka minane baadaye akanioa, na nilimpenda mpaka nilipomzika. Ukithubutu kuniandikia kwamba bila wewe nisingempata, nitaichoma barua. Hilo ni langu na Ciano. Wewe humo huhesabiki.

Honolulu sikuililia sana. Nililia wiki mbili, nikaacha. Jambo lenyewe ni hili. Jioni ile ya mashindano Nana Oria alisema mkono wangu una mkosi. Akaufunga na kitambaa cha blanketi, kiunoni, mwaka mzima. Nikajifunza kufuma kwa kulia, kula kwa kulia, kujipangusa kwa kulia. Niliamini. Wewe ulipanda meli, hukuyaona.

Halafu Mungu akanipa Erlinda, na Erlinda akashika kijiko kwa kushoto. Unajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa kilekile. Alikuwa na miaka minne. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na Ciano akaniambia, "Mfungue mtoto, mwanamke, kakukosea nini?" Sikumfungua.

Sasa ana miaka hamsini na miwili. Ni fundi cherehani anayekata kitambaa kwa mkono ambao si wake, na wateja wanalalamika mikato inapinda. Barua yako nilimsomea. Aliitazama mikasi yake, akasema, "Kwa hiyo ilikuwa kamba tu?"

Mimi nilimjibu nini? Nilimwomba radhi mwanangu kwa kosa ambalo nilifundishwa na uongo wako. Alinisamehe palepale, kwa sababu yeye ana moyo mzuri. Mimi sina.

Usinitumie maneno tena. Nitumie kamba. Ile uliyopaswa kunipa. Isokote mwenyewe.

Puring


Waipahu, Oahu
15 Julai 2018

Puring mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa Erlinda salamu ambazo sina haki ya kuzituma.

Kamba imo humu ndani. Samahani kwa kuchelewa. Nimesokota kumi na moja, kumi nimezitupa. Mikono inatetemeka, uzi unavimba hapa na kubana pale. Nilifunga upande mmoja kwenye kitasa cha mlango na kila mtu aliyeingia chumbani aliniharibia kazi. Delia alijitolea kusokota, nikakataa. Akasema, "Mwalimu mkali huyu! Basi niruhusu nishike katikati." Alishika katikati, pale ulipokuwa unashika wewe.

Siku ya kwanza nilisahau upande. Nilisimama katikati ya chumba na yoyo la kufikirika, nikirusha kwa mkono wa kushoto, mpaka mzee wa kitanda cha jirani akaita wauguzi akidhani nimepata kiharusi. Sasa nina hakika.

Nimefunga uzi mwekundu kwa mazoea. Usiuamini. Ishike kamba kwa vidole vyako mwenyewe, ifumue kidogo, uone imelala upande gani, ndipo uivae.

Siwezi tena kufika dirishani. Nazunguka humu kichwani tu.

Manong wako,
Melecio


Paoay, Ilocos Norte
11 Agosti 2018

Manong,

Delia amepiga simu. Kasema macho yako yamefunga kazi na unalala mchana kutwa, lakini masikio yapo, na kwamba barua ikifika atakusomea. Basi dada Delia, salamu zako, Mungu akulipe. Soma taratibu. Ukifika kwenye hesabu, soma kwa sauti.

Manong, kamba imefika. Ni mbaya. Ina vinundu kama uji uliopikwa na mvivu, na Nana Oria angekuchapa nayo. Uzi mwekundu niliukata kabla ya kufanya jambo lolote. Kisha nikaifumua kidogo kwa vidole, kama ulivyosema, nikaangalia. Nikampa Erlinda naye aangalie. Akasema, "Ya kushoto, Mama." Akaangalia tena.

Gurudumu la Ciano lilikuwa ndani ya kabati, limefungwa kwenye leso. Nikalivalisha kitanzi. Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu asubuhi, isipokuwa Insiang na kapu lake la vitunguu saumu. "We Puring, unataka kuvunjika nyonga?" Nikamwambia akae mbali, hapa hakuna tarumbeta la kunikingia. Mara mbili lilinigonga goti. Mara ya tatu mkono ukakumbuka.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Nilipofika kumi Insiang aliweka kapu chini. Kumi na tano nikaitazama kamba. Kumi na sita. Kumi na saba, mkono unawaka moto. Kumi na nane. Kumi na tisa, nikafumba macho, Manong, nisikudanganye. Nikasubiri sauti ile.

Ishirini.

Sikuendelea. Nililikamata kiganjani, cha kushoto, na kitanzi kilikuwa kimebana pale kilipokuwa. Erlinda alikuwa nyuma yangu akisema, "Nipe na mimi, Mama, nipe na mimi." Sasa hivi yuko nje nalo, na kuku wote wamekimbilia kwa jirani.

Nimekusamehe. Dada Delia, hapo rudia, pengine hakusikia.

Ading wako,
Puring