Kuhusu Digrii Uliyomlipia Caritas

Kakuma, Kambi ya Kwanza,
Jumapili, 16 Juni 2013.

Mpendwa kaka yangu Didace,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. U hali gani, na wifi yangu Nabintu je? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama kwenye baridi ya kiwanda cha nyama umepata nafuu? Watoto wanaendeleaje na shule? Kila tunaposali jioni Mama anakutaja wewe kwanza, kisha ndipo anakumbuka kwamba na sisi tupo. Sioni wivu, nimeshazoea.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anatembea mwenyewe hadi kanisani, ingawa magoti yanamlalamikia njia nzima. Joto ni lile unalolijua, na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria ya fufu. Mkahawa wangu unakwenda. Wateja wanasema samaki wangu wana mchanga, nami nawaambia wakamlalamikie upepo.

Barua hii inakuja na Achol, jirani yangu Mdinka mwenye mapacha. Wamepata safari, wanaondoka Alhamisi, na wamepangiwa huko huko Iowa kwenu. Wapokee vizuri, ni watu wema. Usishangae kwamba sikupiga simu. Kwa simu ningetukana tu, na salio lingeniishia katikati ya tusi.

Umeuliza zaidi ya mara moja mbona mpwa wako Caritas hakwambii lolote kuhusu yale mahojiano ya kazi. Nitakwambia mimi. Na uvumilie lugha yangu, kwa sababu tangu siku ile roho yangu imechafuka na haijasafika.

Unajua kazi aliyokuwa akiitafuta. Shirika moja lilitaka msimamizi wa kituo cha mafunzo ya vijana hapa kambini. Ni ya insentivu, yaani ile posho tunayopewa sisi wakimbizi badala ya mshahara, lakini ni kazi ya heshima, na walitaka mtu mwenye digrii. Caritas anayo digrii ya usimamizi wa miradi kutoka kile chuo cha huko Amerika kinachofundisha kwa kompyuta tu, ile uliyomlipia wewe. Akaitwa kwenye ofisi yao kubwa, Lodwar. Tukahangaikia kibali cha kusafiri, tukakipata, nikamsindikiza.

Pale Lodwar mji mzima umepata wazimu wa vyeti. Tangu uchaguzi wa Machi kuna serikali ya kaunti, na kila mwenye kalamu mfukoni anataka cheo ndani yake. Ukipita madukani unakuta foleni ya watu wanaotoa nakala za vyeti na kuviwekea fremu. Askari wa getini, kijana Mturkana, alitusalimu ejok, akampa Caritas kiti na kumtakia heri. Huyo ndiye mtu pekee wa shirika lile ninayemkumbuka kwa wema.

Mimi nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Kwa lile joto hakuna afungaye dirisha, kwa hiyo nilisikia kila neno. Ndani walikuwa watatu: mkubwa wa ofisi, mama mmoja wa idara ya wafanyakazi, na kijana wa kuandika. Mkubwa huyo sitamtaja jina, maana barua hupotea njiani.

Alianza kwa kucheka. Hakuuliza Caritas anajua nini. Alisoma jina la chuo kwa sauti, kama mtu anayesoma maandishi ya pakiti ya biskuti.

“Hii chuo iko wapi?”

“Iko Amerika, bosi. Nilisoma kwa mtandao, nikiwa hapa Kakuma.”

“Mwalimu wako ulimwona na macho?”

“Nilimwona kwa skrini.”

“Kwa skrini! Mlisalimiana na mkono?” Yule kijana wa kuandika akacheka naye. “Na mtihani ulifanyiwa na nani? Binamu? Hizi digrii za kompyuta tunazijua, dada. Mtu analipa, anaprintiwa karatasi. Sisi hapa tunataka mtu amekaa darasani.”

Kaka, nilitamani kuingia na kiatu changu mkononi. Mimi nilimwona mtoto huyu akisoma. Nilimwona kwenye saiba ya Msomali pale sokoni, mbele ya kompyuta ya kukodi, jasho linamtoka, umeme ukikatika katikati ya mtihani na yeye akikaa palepale kuusubiri urudi. Vitabu vilivyokuwa vya bure alivisoma mpaka akawa anatupangia hata foleni ya maji kwa utaratibu wa miradi, tukamcheka. Leo mtu aliyeshiba anamuuliza alifanyiwa mtihani na nani!

Sasa sikiliza kilichofuata. Caritas anasema aliinua macho ili asilie, akatazama ukutani juu ya kichwa cha yule mkubwa. Pale palikuwa na fremu mpya, na ndani yake digrii ya pili, yenye jina la mkubwa mwenyewe. Nembo ileile ya mwenge na kitabu juu, sahihi ileile ya rais wa chuo chini. Ni chuo kilekile, kaka, na ukienda huko Amerika kukitafuta utakuta ofisi tu. Hakina darasa hata moja ambalo mtu anaweza kukaa.

Mtu mwerevu angenyamaza, au angelitunza hilo kwa siku ya shida. Lakini Caritas ni mtoto wetu. Kwa muda wote aliosoma hakuwahi kukutana ana kwa ana na mtu hata mmoja wa chuo chake. Alifurahi. Nilimsikia kwa masikio yangu sauti ikimpanda kama mtu aliyeona ndugu stendi ya basi.

“Kumbe na wewe ni wa kwetu, bosi! Hiyo si ya chuo chetu? Wewe ulimaliza mwaka gani? Mwalimu wa takwimu alikuwa nani, yule wa miwani?”

Nikasikia kiti kikilia, ni yule mama wa idara akigeuka kutazama ukuta. Kijana wa kuandika akakohoa. Kisha mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa, “Intavyuu imeisha. Tutakuita.”

Na unajua ni nini kilichoniumiza zaidi? Njiani kurudi Kakuma Caritas alikuwa na furaha. Alikuwa anatabasamu dirishani. “Mama,” akaniambia, “alikuwa hajajua tu kwamba chuo ni kimoja. Sasa ameshajua mimi ni mwenzake.” Mimi nikatazama nje, nikajifanya nahesabu mbuzi.

Usifikiri chuo chenyewe nakiachia. Caritas aliwaandikia akiomba barua ya kuonyesha kwamba digrii yao inatambuliwa Kenya, ili awaonyeshe waajiri. Walimjibu upesi sana. Walimpongeza kwa kuwa mhitimu wao, wakamwalika aanze digrii ya pili, na wakasema mwezi huu kuna punguzo. Kuhusu kutambuliwa, hata neno. Mpaka leo wanamtumia ujumbe kila wiki wenye picha ya wasichana wanaocheka kwenye majani ya kijani. Watu wale wana macho makavu! Wanauza karatasi, na wakiulizwa kama karatasi inafanya kazi wanauza nyingine.

Kwa hiyo lile ulilosema, kwamba unataka kumwandikisha na mdogo wake Christian katika chuo hicho hicho kuanzia Septemba, nakuomba uliache. Mtoto anapenda kusoma, najua. Tutatafuta mlango mwingine, hata ukichelewa. Huu nimeuona ndani yake, unanuka.

Sasa nafika penyewe.

Majuma mawili baadaye alikuja Gatkuoth, yule Mnuer anayefanya kazi na shirika lile hapa kambini. Ni kijana mzuri, na alikuwa na aibu hata ya kukaa. Aliukataa uji wangu, akasimama mlangoni.

“Mama Caritas, mimi nimetumwa tu,” akasema. “Bosi anasema kazi iko. Lakini si ya kuwa msimamizi. Atakuwa msaidizi, na msimamizi wataweka baadaye. Na alete CV ingine, ile haina digrii. Aweke tu kidato cha nne.”

Nikamuuliza, na kazi yenyewe itakuwa ipi? Akatazama chini. Kazi ni ileile: kuandaa masomo, kuandika ripoti, kusimamia walimu. Kilichoshushwa ni jina na posho.

“Na kwa nini digrii iondoke?”

“Bosi ameomba kazi ya kaunti, Mama. Ile chuo, hataki jina yake ionekane kwa faili yoyote ya ofisi. Watu wataanza kuuliza ya kwake pia. Ile fremu ameshaitoa kwa ukuta.”

Unaona, kaka? Kichwa cha Caritas anakitaka, na ripoti za Caritas atazisoma na kuzipeleka mbele kama zake. Asichokitaka ni mtoto huyu kuitwa msomi kwa karatasi ileile inayomfanya yeye kuitwa mkubwa. Nimeona watu waovu tulipokimbia kutoka kwetu Uvira, nawe uliwaona. Lakini wale hawakuvaa tai. Huyu ananitia kinyaa kwa namna ambayo sikuwa najua ipo.

Nilimwambia Caritas akatae. Nilisema tutakula fufu na mchanga kama siku zote. Akaniangalia, akasema, “Mama, nikikataa, mwaka ujao nitakuwa na nini? Digrii isiyotakiwa na hakuna kazi. Nikikubali, nitakuwa na kazi.” Wewe kama unalo jibu, nitumie.

Alikaa akaandika CV mpya. Ile miaka yote ya kusoma aliijaza kwa neno moja, “nyumbani”. Kisha akatoa cheti chake kwenye faili, akanipa mimi. “Niwekee. Na mjomba mwambie wewe, mimi siwezi.” Usiku huo hakula, na mimi sikumlazimisha.

Ndiyo sababu naandika. Wewe ndiye mdhamini wake wa kwanza kwenye CV, na namba yako wanayo. Gatkuoth anasema mnamo katikati ya Julai watapiga simu huko kuthibitisha hiyo CV mpya. Watataka kusikia kwa kinywa chako, kwa sababu wanajua ni wewe uliyelipa.

Najua umemtangaza kanisani kwenu. Najua picha yake ya joho, lile joho la kuazima tulilopigia picha hapa sokoni, umeitundika sebuleni. Najua ulisimama kwenye baridi ile kwa ajili yake mpaka mgongo ukaharibika. Pamoja na hayo yote nakuomba, na ninapokuomba nachukia mkono wangu unaoandika: wakikupigia, wakikuuliza mpwa wako amesoma mpaka wapi, waambie ni kidato cha nne. Wakisema walisikia kuna chuo, waambie hukijui. Kisha kata simu, kaka, usiwape nafasi ya kukushukuru.

Msalimie sana wifi Nabintu na watoto. Mama anakubariki, na anataka kujua kama unavaa soksi mbili. Baba Caritas anakusalimu, na Christian pia. Caritas anakusalimu, ila ameniomba nisikwambie kwamba alilia.

Mungu akutunze, na akupe sauti isiyotetemeka siku hiyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na kukuletea aibu hii usiyostahili,
Elyse