Makaa Yasiyojaa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni karani katika karakana ya kupaka rangi fanicha, na kazi yangu ni kuingiza takwimu katika programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa hewa, ili tujue makaa yaliyo ndani ya kichujio yatanasa mvuke wa rangi kiasi gani na kiasi gani kitawafikia wapakaji. Chembe ya mvuke ikigusa uso wa makaa hung'ang'ania hapo, sasa programu ikauliza makaa yana nafasi ngapi za kushikia, nami sikujua, nikaona aibu kuuliza, nikaacha patupu, ikachukulia kwamba hayajai kamwe, ikachora chumba kizima buluu, yaani hewa safi, na injinia akasema, "Kijana, una kichwa wewe," akatia sahihi kwamba kichujio kitadumu mwaka mzima. Hii ni wiki ya tisa tu, na shangazi yangu, mpakaji wa humo humo aliyeniombea kazi hii, anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, na alipolalamikia harufu msimamizi alimjibu, "Mama, kompyuta imesema hewa safi, labda pua yako ndiyo mbovu," wenzake wakacheka, nami nilikuwa mlangoni nikanyamaza. Nimerudia hesabu kwa siri kwa kipimo kilicho kwenye karatasi ya muuza makaa, na yanajaa wiki ya nane. Jumatatu madirisha yanazibwa ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Nikisema, kazi imekwenda na shangazi ataaibika. Nifanye nini?

Karani Mwoga

Karani, kutojua ningekusamehe hata bila kuombwa. Lakini kusimama mlangoni shangazi yako akichekwa kwa pua iliyokuwa ikisema kweli, hapo umenikera. Unahofia ataaibika? Ameshaaibishwa, na kwa mkono wako.

Leo hii mpelekee injinia matokeo yote mawili pamoja na karatasi ya muuza makaa. Mwambie, "Hapa niliacha patupu. Madirisha yasizibwe." Machozi yaache nyumbani. Akifoka, mwache afoke, sahihi ni yake na hakukagua. Akipuuza, waambie wapakaji wenyewe watoke humo mpaka makaa yabadilishwe, na anayeumwa kichwa aende zahanati. Kazi yaweza kupotea, sikudanganyi.

Ila kabla ya injinia, pitia kwa shangazi. Mwambie pua yake ni nzima.