Khaemba Masinde na Watu Wadogo wa Jumapili

Mwaka umetimia, Khaemba, Baba Vera, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu uende kazini Ntinda, ukakaa sakafuni, ukaniambia mimi mkeo, "Nabwire, ngoja kidogo," na hukusema tena. Daktari alituambia ni moyo. Tulikupeleka Kimilili, tukakulaza karibu na baba yako, kisha tukarudi hapa Kampala, Kisugu, maana kazi zetu hazikutusubiri.

Tumechoka. Tunakuambia wewe kwa sababu wengine tukiwaambia wanatujibu kwamba Mungu yupo. Yupo, tunajua. Lakini wewe ukisikia mtu amechoka ulikuwa humpi maneno. Ulikuwa unampashia maji ya kuoga.

Na wewe mwenyewe ulichoka sana. Siku sita za wiki ulikuwa kwenye ghala la mabati, ukipakia, ukipakua, ukigombezwa na madereva na wakubwa kwa wakati mmoja. Jioni ulikaa kwenye foleni ya magari mpaka miguu ikavimba. Jumapili asubuhi ulikuwa kwenye kwaya. Tulipokuuliza unapumzika lini, ulicheka tu.

Ni Akram aliyekuletea pumziko lako, yule rafiki yako anayeuza mitumba soko la Owino. Alifungua bunda la vitu vya watoto akakuta sanduku la askari wa plastiki, kila mmoja kama kidole gumba, wa kijivu, hawana hata macho. Akasema, "Muzee, hivi hakuna mtu atanunua. Chukua, utapata mtoto wa kumpa." Hukumpa mtoto yeyote. Uliviweka mezani, ukatafuta kwenye simu jinsi watu wanavyovipaka rangi na kuvichezea, ukaanza.

Ulipaka asubuhi, chai ikichemka. Rangi ulizimimina kwenye vizibo vya soda, miwani ya kusomea ikiwa kwenye ncha ya pua, brashi yako nyembamba kama kope. Siku moja ulikuwa unapaka mkanda tu. Siku nyingine viatu. "Leo nimemaliza mkanda," ulituambia, kama mtu aliyemaliza nyumba. Vera alikucheka: "Baba, mtu mzima na wanasesere!" Ukamjibu, "Mwanangu, hiki ndicho kitu pekee ambacho nikikosea hakuna anayenipigia simu."

Hata mama mwenye nyumba alipowaona askari wamepangwa dirishani wakauke, alirudi nyuma. "Baba Vera, hivi ni vya dawa?" Ukamwambia, "Hapana, nnyabo. Ni vya kupunguza mawazo." Hajakuamini mpaka leo.

Josias ndiye aliyekuwa mwenzako mezani. Josias fundi cherehani, jirani yetu aliyetoka Butembo, Kongo, aliyejua kuchoka kama wewe. Alileta kitambaa cha kijani kikawa nyasi, na futi yake ya kushonea ikawa ya kupimia mwendo wa majeshi. Nyumba mlikata kwenye maboksi. Katikati mkapitisha mto wa kitambaa cha buluu, na daraja juu yake. Kila Jumapili baada ya chakula mlirusha dadu mkapigania kijiji kile kama kina mafuta. Sisi wengine tulilala mchana huku tukiwasikia mkibishana. Zilikuwa sauti nzuri za kulalia.

Hatujasahau Jumapili aliyokuja Mbambu.

Mbambu, mke wa Josias, alikuwa hajawahi kuja mchezoni. Siku hiyo alituletea sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli. Aliingia wakati Josias ameruka kutoka kwenye kiti, mikono juu: "Nimechukua kijiji! Kijiji chote ni changu!" Mbambu akasimama mlangoni na bakuli lake. Akaangalia meza, nyumba, askari kwenye daraja. Akaongea polepole, kwa Kiswahili cha kwao, ambacho askari ni basoda:

"Sisi tulikimbia basoda. Na ninyi munabachezea juu ya meza?"

Josias akaketi. Mbambu akaweka bakuli chini akaondoka, na hakuna aliyeweza kula.

Uliwarudisha askari sandukuni, na sanduku likakaa juu ya kabati. Nyumba ilikuwa nzito siku hizo. Asubuhi ulikunywa chai umesimama, ukaondoka. Ulirudi jioni ukiwa mkali kwa mambo madogo, kisha ukaomba radhi, kisha ukawa mkali tena. Nilitamani urudi kwenye vizibo vyako, lakini sikukuambia. Nilikuwa nafikiri juu ya uso wa yule mama.

Ulikwenda kwao mwenyewe, na ukaniomba nikusindikize. Ulikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya nguo za watu, ukamwambia, "Mama, nisamehe. Sikufikiri. Nitavitupa."

Mbambu aliendelea kushona vifungo. Mwishowe akasema, "Mimi sikukataza muchezo, Baba Vera. Josias akitoka kwako anafika anacheka. Mimi niliangalia ile kijiji yenu nikajiuliza: batu bako wapi? Nyumba ziko, basoda bako. Batu hamuna."

Tulipofika nyumbani ulishusha sanduku, ukachukua wembe, ukaanza kuwakata baadhi ya askari bunduki zao.

Ilikuchukua muda mrefu, kwa sababu kazi ghalani ilikuwa imezidi na asubuhi zako ni fupi. Lakini watu wa kijiji walitokea, mmoja mmoja. Mama mwenye mtoto mgongoni. Mzee anayesukuma baiskeli. Msichana na mbuzi. Mwanamume mwenye godoro kichwani, ambaye Mbambu alipomwona alisema, "Hapana, unalikunja kwanza, unalifunga na kitenge," nawe ukalikunja. Akaanza kupita kwetu akienda sokoni, anasimama dirishani, anaangalia, anakwenda.

Siku moja akakuomba bibi kizee. Alikuambia kwamba walipokimbia, mama yake walifika naye mpaka mtoni, miguu ikamshinda, akawaambia waende. Hawajapata habari zake. Ulimuuliza kitambaa cha kichwa cha mama yake kilikuwa rangi gani. Akasema buluu, lakini si ile ya mto wenu, ni ya kufifia. Ulichanganya rangi akiwa amesimama pale, mara ya kwanza hapana, mara ya pili hapana, mpaka akasema, "Hiyo."

Mchezo mkaubadilisha. Sasa mlikuwa upande mmoja, wewe na Josias, na kazi ilikuwa kuvusha kijiji chote kabla askari hawajafika. Jumapili ya kwanza ya mchezo huo Mbambu alikaa. Zamu ya bibi kizee ilipofika ukasukuma dadu mbele yake. Akatoa namba ndogo. Bibi akasogea upana wa vidole viwili. Zamu nyingine, ndogo tena. Askari wakawa nyuma kabisa. Josias alishika kichwa. Nikasema tubadilishe sheria, ukanikatalia kwa macho, na nilikasirika nawe.

Akarusha. Sita.

Mbambu alimshika bibi mwenyewe, akampitisha darajani taratibu, akamweka ng'ambo kati ya wengine. "Amevuka," akasema. Akajifunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Hilo ndilo tunalolikumbuka tukitaka kumweleza mtu ulikuwa nani.

Ulipoondoka nilitaka kugawa kila kitu, rangi, nyumba, watu. Sikuwa na nguvu ya kuviangalia wala ya kuvifunga. Josias hakuniuliza. Jumapili moja alifika tu, na Mbambu, na Akram nyuma yao amebeba mkate. Wakatandika kitambaa. Vera akaketi mahali pako kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Wamekuja hivyo karibu kila Jumapili, hata zile nilizokuwa sitaki kuona mtu.

Jumapili iliyopita nilikubali kucheza. Nilikuwa nimesahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wiki nzima, nimefua, nimepika. Nikapewa yule mwenye godoro. Nikaweka kichwa mkononi kidogo, nisubiri zamu yangu.

Nilipoamka chai ilikuwa imepoa na jua limehama ukutani. Hakuna aliyesogeza kitu. Walikuwa bado mezani wote, Akram anachezea dadu kiganjani, Vera ameegemea bega la Mbambu.

"Mmemaliza?" nikauliza.

"Tutamalizaje, Mama Vera?" Mbambu akasema. "Ni zamu yako."

Tunaokukumbuka: mimi mkeo Nabwire, binti yako Vera, mama yako mzazi huko Kimilili, ndugu yako Makokha na mkewe Akech, pamoja na Josias, Mbambu na Akram, ambao hapa nyumbani si wageni tena.

Hutatutoka moyoni, Baba Vera, siku zetu zote.