Akina Mama Waliomba Muuguzi, Mimi Nikasema Barabara

Mpendwa Shangazi Awoi wa Kakuma, ejok, yaani hujambo, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana sina amani. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Lokiriama, na kwa kuwa nimesoma kidogo, wataalamu wasiojua Kiturkana walipokuja kuuliza wananchi serikali ianze na nini, niliwekwa kuwa mkalimani, basi Mama Akai akasimama akasema zahanati tunayo, muuguzi hatuna, mlinzi wa lango ndiye mkunga, wanataka muuguzi na chumba cha kujifungulia, akina mama wote wakapiga makofi, nami nikawageukia wageni nikasema kwa Kiingereza kwamba wanataka barabara, wakaandika. Shangazi, sikuhongwa, ile njia imenivunja mgongo na laga, ule mto mkavu, ikijaa maji hata ambulensi haivuki, nikajiambia barabara nayo ni matibabu. Sasa akina mama wameniletea mbuzi wa shukrani, eti, "Ekiru, umetusemea vizuri," na kila mbuzi huyo akilia moyo unaruka, na Alhamisi mapendekezo yanapitishwa Lodwar, makao makuu ya kaunti. Nikisema ukweli nitaonekana mwongo, nikinyamaza huyu mbuzi ataniua. Nifanye nini?

Ekiru, Lokiriama

Ekiru, ejok noi. Umekiri mwenyewe, hongera, na hongera zangu zimeishia hapo. Unaogopa kuonekana mwongo? Mwanangu, mwongo ushakuwa, kilichobaki ni kuonekana tu.

Mimi nimesemewa na wakalimani tangu nifike hapa kambi ya wakimbizi. Mwaka wa kwanza nilimwambia daktari mtoto anaharisha, mkalimani akasema anakohoa, kwa sababu dawa ya kikohozi ndiyo aliyoiona kabatini. Naye alinitakia mema! Mtoto huyo, Mabil wangu, aliponea chupuchupu, na hadi leo nikimwona yule bwana sokoni damu hunichemka.

Hoja yako ya barabara ni nzuri, sikucheki. Ungeinua mkono uitoe kwa jina lako, Mama Akai akujibu, mbishane mpaka koo zikauke. Hiyo ndiyo siasa. Wewe uliupokonya mkutano mzima mdomo ili useme lako.

Kesho asubuhi mrudishe mbuzi, kwa miguu, pikipiki iache nyumbani. Mwambie Mama Akai ulichofanya, mbele ya wenzake. Watakutukana, kaa chini usikilize. Alhamisi mpeleke Lodwar bila nauli, aseme yake, nawe utafsiri neno kwa neno, mwalimu yeyote anayejua lugha zote mbili akiwa kando anakusikiliza. Kisha waambie wakubwa kwamba mara ya kwanza maneno yao uliyabadilisha.

Ukimaliza, nenda nyuma kabisa ya foleni ya wanaotaka kusema, na zamu yako ikifika, omba barabara yako.