Kufuli Alilolisifu Shemeji

Shamba la Ngano,
Hanang,
Julai 1983

Dada yangu mpendwa Kornelia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Vipi vitunguu saumu huko Bashay, vimestahimili baridi? Mimi mwili hauna neno, ila nina hofu, dada, na sitakuficha.

Tangu kombaini za kuvunia ziingie mashambani, wezi wa magari wametuandama. Shamba la jirani gari la mafundi lilikutwa korongoni, halina magurudumu wala injini, na dereva wake yuko mahabusu mpaka leo, eti alishirikiana nao. Basi Mzee Margwe, mkuu wa karakana yetu, akanituma Arusha nikachague kufuli la kufungia usukani wa gari letu la vipuri ninaloliendesha. Akasema gari likipotea, mtu wa kwanza kukamatwa ni mimi. Unanijua nilivyo mwoga. Chakula kilinishinda.

Shemeji Patriki, ambaye tangu umruhusu aje kutafuta kibarua tunalala naye chumba kimoja, aliomba anisindikize. Dukani nilipenda kufuli la namba, lisilo na ufunguo kabisa. Shemeji alicheka mbele ya muuzaji, akasema mtu mwenye hofu kama mimi atasahau namba na kombaini zitakosa vipuri. Akalisifu lile la shaba lenye ufunguo mmoja, akalipima mkononi, akasema hilo ndilo kufuli la wanaume. Nikaona haya kubishana na mume wa dada yangu mbele za watu. Nikalichukua.

Mzee Margwe alilipenda. Gidahosh, mlinzi wetu, alilivuta kwa nguvu zake zote halikutikisika. Kwa mara ya kwanza nikapata usingizi.

Dada, sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumapili nilikuwa nanawa uso nijiandae kwenda kanisani. Nikageuza ile sabuni uliyoniletea kwa mkono wa shemeji, na chini yake nikaona alama ya ufunguo wa kufuli lile, meno yote na tundu lake, kama ya kuchongeshea mwingine. Mwizi mwingine angeitupa. Lakini nani anatupa sabuni mwaka huu, ilivyo adimu madukani? Aliirudisha kwenye kopo, upande wa alama ukiwa chini.

Tangu hapo kila jioni nang'oa rota, kipande kidogo ambacho bila hicho injini haiwaki, nakificha ndani ya soksi. Lakini wakija na gari likagoma, watajua kipande kiko kwa dereva. Na mlango wangu, dada, unafungwa kwa kamba, na anayelala karibu na kamba ni Patriki.

Nikimwambia Mzee Margwe, watoto wako watakosa baba. Nikinyamaza, mama atanikosa mimi. Nakuomba umwite nyumbani upesi. Mwambie mama amezidiwa, Mungu atatusamehe.

Nisalimie mama na wajomba zangu wadogo, wanao wote. Barua hii anakuletea Alfredi, dereva wa lori la ngano, pamoja na sabuni yako. Itumie kufulia nguo za watoto mpaka alama iishe, na usimwonyeshe mtu.

Mdogo wako anayekupenda,
Yoakimu Sulle